Waya Nilioung'oa Jumamosi Ile

Mwanangu Yeremia,

Salamu utazipata kesho kwa mkono wangu pale basi litakapokuwa linapakia, kwa hiyo humu sikuziandika. Barua hii nitakupa ukiwa umeshapanda. Usiifungue mbele yangu. Ngoja mpaka mlipite shamba la miwati, ndipo uisome, na uisome yote hata kama katikati utatamani kuichana.

Sasa hivi umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mvua imeshika na mimi nimekaa mezani na kalamu yako, ile inayovuja. Habari ya kuoga, kusali na kuchagua marafiki umekwisha kuambiwa na bibi yako na mchungaji, kila mmoja mara tatu, na nilikuona ukipiga miayo. Mimi sina la kuongeza huko.

Hili langu nimejaribu kulisema kwa mdomo. Jana tulipokuwa tunafunga sanduku lako kwa kamba nilikwisha kufungua kinywa, wewe ukasema, "Baba, vuta upande huo," nikavuta. Wiki iliyopita kule kwenye injini nilikuita, ukaja, nikakutuma bisibisi. Ulishangaa kwa sababu bisibisi nilikuwa nayo mkononi. Fundi mzima, mzee wa kanisa, naogopa mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Unakwenda kujifunza umeme. Huko watakufundisha kwa vitabu yale niliyoyajua mimi kwa kupigwa. Siku moja mwalimu atasimama ubaoni aeleze habari ya waya unaokwenda ardhini, unapita wapi na kwa nini. Wewe si mjinga. Utakaa hapo kwenye benchi ukumbuke nyumba yetu ya zamani, ukumbuke gramafoni, umkumbuke mama yako, na utajua. Nimeona heri ulisikie kwangu kuliko kwa mgeni mwenye chaki. Mama yako hakuuawa na radi. Wala shangazi yako Damari hakumroga. Mama yako aliuawa na gramafoni yangu, na aliyeifanya iue ni mimi.

Sasa nimeandika.

Nianze pale ilipoanzia. Unakumbuka meneja wa kwanza wa shamba, yule mrefu aliyekuwa akitembea na mbwa wawili. Aliletewa kutoka kwao gramafoni ya umeme, si ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa na meza ya chuma ya kuzungushia sahani za nyimbo, sanduku la kukuza sauti na spika yenye ukubwa wa kabati. Aliniita kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia injini ya umeme ya kiwanda cha magome ya miwati, na nyumba yake ilipata taa kutoka huko. Tulipounganisha, wimbo ulitoka, lakini chini ya wimbo palikuwa na mngurumo. Ulikuwa haupandi wala haushuki. Meneja akaweka kidole juu ya chuma cha gramafoni, mngurumo ukapungua. Akakiondoa, ukarudi.

"Elia, wewe naona?" akaniambia kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Yeye nataka udongo."

Ndivyo nilivyojifunza. Kuna nyaya mbili nyembamba za kupeleka sauti, na wa tatu usiopeleka sauti yoyote. Huo kazi yake ni kufunga chuma cha gramafoni na chuma cha sanduku la sauti viwe kitu kimoja, kisha kutoka kwenye sanduku unashuka waya mnene mpaka kwenye chuma kilichozikwa nje. Niliufunga, nyumba ikanyamaza, ukabaki wimbo peke yake. Yeremia, nilifurahi siku ile kupita nilivyofurahi siku ya kubatizwa, na Mungu anajua.

Meneja yule aliporudi kwao aliniachia gramafoni ile na sanduku lake, vikiwa vimechoka. Nikaomba ruhusa, nikavuta waya wa umeme mpaka nyumbani kwetu, ile nyumba ya nyasi iliyokuwa chini ya kiwanda. Hapakuwa na mtu mweusi mwenye gramafoni ya umeme kuanzia kwetu mpaka Makambako. Nilijua hivyo, na nilitaka kila mtu ajue.

Kwanza nilifanya ujinga wa kawaida. Nilidhani mbili ni bora kuliko moja, nikazika vyuma viwili, kimoja cha gramafoni na kingine cha sanduku. Mngurumo ukazidi. Nilihangaika siku nne kabla ya kung'amua kwamba vyote viwili vinatakiwa kushuka ardhini kwa njia moja. Nikang'oa kimoja. Kile kilichobaki kilikuwa nje, kando ya mlango, na kwa kuwa udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kila jioni ya kiangazi nilikuwa namwaga kata mbili za maji pale. Mama yako alikuwa akinicheka.

"Baba Yeremia, mwagilia tu. Kikichipua unichumie mboga."

Huyo ndiye Lea, mama yako. Nasikitika kwamba wewe unamkumbuka zaidi amelala kuliko anavyocheka.

Waya wenyewe wa ardhini ulitoka mezani, ukakatiza sakafu, ukapita chini ya mlango. Sikuona ubaya wake. Wiki mbili kabla ya msiba nilikuwa nimeufungua nisafishe kiungo, nikagusa ule mkono wa sindano, nikahisi muwasho vidoleni kama wa upupu. Nikaurudisha waya, nikagusa tena, hakuna kitu. Nikaelewa palepale kwamba ndani ya injini ndogo ya kuzungushia sahani kuna waya umechubuka, na umeme unavujia kwenye chuma, ila waya wa ardhini unaupokea na kuushusha. Fundi mwenye akili angezima kila kitu akaifungua injini ile siku hiyohiyo. Mimi nilisema nitaifungua nikipata nafasi. Nilijua, mwanangu. Nataka usije ukanitetea kwamba sikujua.

Halafu nikachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Wazee wenzangu walikuwa waje kwetu Jumapili baada ya ibada, kula na kunikaribisha katika kazi. Mama yako akasema hawezi kupokea wazee kwenye sakafu iliyopasuka. Jumamosi asubuhi akakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, akaanza kusiriba kutoka ukutani kuja mlangoni, kama wanawake wote wa huku wanavyofanya kabla ya wageni. Alipofika penye waya aliniita.

"Huu mkia wako nausiribia juu au unautoa?"

Kama ningesema ausiribie juu, angekuwa hai. Lakini niliona utaacha tuta katikati ya sakafu, na wazee watauliza ni nini. Nikaufungua, nikauviringisha, nikautundika nje kwenye ukuta. Nikamwambia nitaurudisha jioni sakafu ikikauka.

Hapo ningezima. Sikuzima. Nilikuwa nachagua nyimbo za kuwachezea wazee, na bila waya ule mngurumo ulirudi, mkubwa kuliko siku ya kwanza kwa meneja. Kitu kile kilikuwa kinanipigia kelele waziwazi. Unajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya wimbo ili mngurumo usisikike. Kisha nikatoka kwenda kupasua kuni, gramafoni ikiimba.

Huko mbele utakutana na mitambo mingi inayonguruma, na mabwana watakaokuambia uongeze sauti wageni wanakuja. Tafuta mngurumo unatoka wapi. Wakikufukuza kazi, fukuzika.

Sahani ikaisha. Sindano ikawa inakwaruza palepale mwisho wa sahani, kwaru, kwaru. Mimi nilikuwa na shoka mkononi, sikutaka kuingia na miguu michafu kwenye sakafu mbichi. Nikapaza sauti kutoka nje, nikasema, "Mama Yeremia, hebu uinue huo mkono wa sindano!"

Nilimtuma mimi. Alikuwa peku, amesimama kwenye udongo uliolowa, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko. Sikusikia kilio. Nilisikia sindano ikipasua sahani, halafu kitu kizito kikianguka.

Nilipofika mlangoni nilielewa yote kwa mara moja. Nilichomoa plagi kwanza, halafu ndipo nikamshika. Nilimwita, nikamkandamiza kifua, nikampulizia. Wewe ulikuwa umetumwa maji mtoni. Wakati ule wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima na ngurumo zilikuwa zimeanza, mbali sana, mvua haijafika hata upande wa kiwanda. Majirani walikuja kwa kelele yangu. Mzee mmoja, amekwisha kufa sasa, akamtazama mkono ulioungua, akasema, "Radi." Wote wakanigeukia mimi, fundi.

Nikasema, "Ndiyo."

Niliogopa kufungwa, hivyo nilivyojiambia miaka mingi. Si kweli. Kufungwa kungekuja baadaye na pengine kusingekuja kabisa. Nilichoogopa dakika ile ni kuonekana mjinga mbele ya majirani. Jioni, watu wakiwa wanalia ndani, niliurudisha waya wa ardhini mahali pake, nikaukanyagia udongo mbichi juu, tuta likabaki katikati ya sakafu.

Huku kwetu radi haiji yenyewe, hutumwa. Nilijua hilo niliposema ndiyo. Kabla hatujazika walikwisha kuanza kuuliza nani aliituma, na haikuwachukua muda kupata jina.

Dada yangu Damari alikuwa amefiwa na mumewe mwezi uleule gramafoni ilipoanza kuimba kwetu. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka kwetu. Matanga hayajaanuliwa, mimi napiga gramafoni, kwa kiburi tu cha kitu kipya. Alikuja akasimama mlangoni, kichwa kimefungwa kaniki, akasema mbele ya watu, "Elia, chezesha tu. Iko siku chombo hicho kitanyamaza chenyewe na nyumba hii itanyamaza nacho." Yalikuwa maneno ya mjane aliyekosewa adabu na mdogo wake mwenyewe. Alikuwa na haki ya kusema makali kuliko hayo. Watu waliyakumbuka neno kwa neno.

Hawakumpiga. Sisi Wakristo hatupigi. Walifanya hivi: alipokwenda kuomba moto asubuhi, kila nyumba moto ulikuwa umezimika. Moshi unatoka paani, yeye anaambiwa hakuna kaa hata moja. Akisalimu "Kamwene" njiani, mtu anatazama miguu yake. Juma la tatu wazee wa kanisa walimwita, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikaa benchi la mbele na koti langu jeusi.

Hakulia. Alinitazama mimi peke yangu.

"Elia," akasema, "wewe ndiye fundi. Nyumba yako ni ya nyasi. Radi imeingia imeua mtu, na unyasi haukuungua hata mmoja. Ilipita wapi?"

Dada yangu hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa ameona kile ambacho wanaume kumi hatukutaka kukiona. Alikuwa ananifungulia mlango. Ningeweza kutoka pale pale.

Nikamjibu, "Mambo ya Mungu, dada, hatuyahoji."

Tulimtenga na meza ya Bwana. Niliinua mkono pamoja na wenzangu.

Aliondoka siku mbili baadaye, na mzigo kichwani na jembe begani, akashika barabara ya Makambako. Watoto walimfuata mpaka kwenye daraja. Wewe ulikuwa miongoni mwao, ulikuwa na miaka tisa na mama yako hajamaliza mwezi kaburini. Uliokota bonge la udongo mkavu ukamrushia. Lilimpiga mgongoni, mzigo ukayumba, akaushika, akaendelea kutembea. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya kiwanda, naona. Nilikuwa na sauti ya kukuita na sikukuita. Usiku ule ulikula ugali wako wote kwa mara ya kwanza tangu msiba, nami nikasema moyoni, angalau mtoto amepata pa kuweka uchungu wake.

Nalichukia wazo hilo kuliko yote niliyofanya. Niliacha umchukie mtu asiye na kosa kwa sababu chuki yako ilinipa mimi nafasi ya kupumua. Kosa lile si lako, Yeremia. Mtoto hurusha kule anakoonyeshwa. Na mwaka jana, uliposema mbele ya wenzako kwamba ukikutana na mchawi yule utamtemea mate, nilikuwa nanawa mikono, nikaendelea kunawa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na nimeitembea kwa heshima zote, naombwa kusuluhisha ndoa za watu, naketi penye kiti cha kwanza kwenye misiba. Hakuna aliyenishika. Usingoje kushikwa, mwanangu. Nilidhani jambo likikaa litapoa, lakini kadiri lilivyozidi kukaa ndivyo nilivyozidi kuhitaji kulilinda, na kila mwaka nilipaswa kusema uongo mwingine mdogo wa kuulinda ule wa kwanza. Wale wazee walipokufa mmoja mmoja nilifurahi mazishini. Ndiyo, nilifurahi. Mambo hayo yanakufanya hivyo.

Mwezi uliopita nilitumwa Makambako kuchukua mkanda wa injini. Sikurudi na gari la asubuhi kama nilivyokuambia, na wala gari halikuharibika. Nilikwenda Lyamkena, jirani na pale, kwa miguu, nikauliza nyumba ya Damari mjane. Analima vibarua vya watu, ana chumba kimoja na kuku watatu. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Amezeeka, Yeremia. Nilimwacha na nywele nyeusi.

"Kamwene, dada," nikasema.

Hakuitikia. Alinisogezea kigoda kwa mguu.

Nilimweleza yote, kuanzia muwasho wa vidole mpaka mkono wangu juu siku ya wazee. Nililia, na sioni aibu kukuambia. Yeye hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akauliza neno moja.

"Mtoto wa Lea anajua?"

Nikasema bado.

"Basi bado hujaja," akasema. "Rudi kwako, Elia. Ukija nitakuona."

Nikasimama niende. Nilipofika kwenye njia akaniita, akauliza unaondoka lini. Nikamtajia siku na basi.

Kwa hiyo kesho atakuwepo pale basi linaposimama Makambako. Hakuniambia kwamba atakuja, lakini ni dada yangu na namjua. Hatakuja dirishani kwako. Atasimama pembeni na kaniki yake, atazame vijana wanaoshuka, kwa kuwa sura yako ya sasa haijui.

Jumapili ijayo, kabla ya meza ya Bwana, nitasimama mbele ya kanisa na kusema haya niliyokuandikia. Nimekwisha kumwambia mchungaji kwamba nina neno, sikumwambia ni lipi. Watanitenga, ni haki yao. Pengine Bwana Shauri wa wilaya naye ataniita. Ukisikia mambo mabaya juu ya baba yako kutoka huku Njombe, usigombane na mtu, yatakuwa ya kweli. Nilitaka ujue wewe kwanza, kabla ya kanisa na kabla ya serikali.

Unaweza usinisamehe. Nimekunyima mama, halafu nikakunyima na shangazi aliyekuwa akikubeba mgongoni mama yako alipokuwa shambani. Sikuombi kitu kwa ajili yangu. Unaweza pia kubaki kwenye kiti chako mpaka basi liondoke Makambako, na mimi sitakuwa na kinywa cha kukulaumu.

Lakini ukishuka, usimwombe msamaha kwa niaba yangu, wala usianze kueleza habari za umeme, anazijua. Msalimie, na akiitika, mwambie tu hivi: Shangazi, baba amekuja.

Ni mimi baba yako,
Elia